Vua Viatu Kwanza: Tathmini ya Mafunzo ya Saratani ya Ngozi kwa Sisi wa Vituo vya Afya

Wenzangu wengi mmeniuliza kama yale mafunzo ya kutambua saratani ya ngozi yanastahili kuombewa ruhusa kazini. Yanastahili. Niliyahudhuria Mwanza, nikarudi kisiwani kwenye kituo changu cha afya, na sasa umepita muda wa kutosha kujua kipi kimebaki mikononi na kipi kimeishia kwenye kabrasha. Mimi ni tabibu. Huku kwetu daktari bingwa wa ngozi hatumwoni. Kidonda cha mgonjwa kinaonwa kwanza na mimi au na muuguzi wa zamu, na tukikosea sisi, mgonjwa ndiye anayelipa.

Chuoni ngozi tuliisoma mbiombio: upele, fangasi, ukoma, tukahamia kwingine. Saratani ya ngozi ilitajwa kama ugonjwa wa Wazungu. Mwezeshaji wetu alianzia hapo hapo. Yeye mwenyewe alikuwa tabibu kabla ya kwenda Moshi kusomea stashahada ya juu ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha kanda ambacho tangu mwaka 1992 kinapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo alijua zahanati inafananaje saa nne asubuhi, foleni ikiwa imefika nje. Alituonyesha picha ya Bob Marley akatuuliza amekufa na nini. Darasa zima likanyamaza. Melanoma, saratani ya seli zinazotia ngozi rangi, iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, ikagunduliwa mwaka 1977, ikamuua mwaka 1981 akiwa na miaka 36.

Baada ya hapo alitupa ramani ya mwili ambayo naitumia kila siku. Kwa mtu mweusi, melanoma itafute nyayoni, viganjani na chini ya kucha, mahali ambapo jua halina kazi kubwa. Saratani ile nyingine, ya seli bapa za juu ya ngozi, itafute kwenye kovu la moto la zamani na kwenye kidonda ndugu kilichokaa miaka. Kwa mwenye ualbino, itafute popote jua linapopiga: usoni, masikioni, midomoni, kisogoni, migongoni mwa mikono. Ile ya Kaposi tunaijua tangu UKIMWI uliposhika kasi, kwa hiyo hakutupotezea muda nayo.

Kanuni maarufu ya madoa nayo tulifundishwa: doa lisilolingana pande zake mbili, kingo zisizoeleweka, rangi zaidi ya moja, upana unaozidi milimita 6, na doa linalobadilika. Nilichopenda ni kwamba alisema wazi kuwa kanuni hiyo ilitungwa kwa ngozi nyeupe, na kwamba unyayoni kwa Mwafrika ushikilie zaidi hilo la mwisho. Madoa meusi nyayoni wengi wetu tunayo. Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa pia ni kawaida yetu. Mstari mmoja, kwenye ukucha mmoja, unaopanuka, na weusi wake ukimwagikia kwenye ngozi inayouzunguka ukucha, huo andika rufaa siku hiyo hiyo.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kazi ya dematoskopu, kile kilenzi cha mkononi chenye taa kinachokuza mara 10. Tulifundishwa kukitumia unyayoni kwa njia ambayo haihitaji bajeti. Unachukua kalamu ya wino, unapaka juu ya doa, kisha unapangusa juu juu kwa pamba. Wino unafutika kwenye matuta ya ngozi na kubaki ndani ya mifereji. Ukiweka lenzi unaona mistari ya wino imekaa sawasawa, na vitundu vyeupe vya jasho vimepangana juu ya matuta. Sasa uliza: weusi wa doa umefuata mistari ya wino, au umekaa katikati yake, juu ya matuta? Ukifuata mifereji, mara nyingi ni doa la kawaida. Ukikaa juu ya matuta, mgonjwa asirudi nyumbani bila karatasi ya rufaa. Tulirudia zoezi hili kwenye nyayo zetu wenyewe, tumevua viatu, watu wazima na vyeo vyetu, mpaka kila mmoja akaweza kutofautisha tuta na mfereji bila kuonyeshwa.

Kuna utafiti mmoja tuliosomewa ambao ningependa kila mganga mfawidhi ausikie. Ulichapishwa mwaka 2006, ukiwa umefanywa Barcelona na Napoli kwa madaktari wa kawaida wa huduma ya msingi, si mabingwa. Walipewa mafunzo ya siku moja tu, kisha kundi moja likatumia dematoskopu na jingine macho matupu. Waliotumia lenzi walitambua vizuri madoa ya kutiliwa shaka kwa asilimia 79. Wa macho matupu waliishia asilimia 54. Na hawakujaza hospitali kwa rufaa za bure, maana uwezo wa kutambua madoa salama ulikuwa karibu sawa kwa makundi yote mawili. Wagonjwa wale wa Hispania na Italia si wagonjwa wangu, nalijua hilo. Lakini siku moja! Sisi hutumia siku nzima kujaza ripoti za mwezi.

Kisha wakaja wageni, watu wenye ualbino kutoka vijiji vya jirani, na hapo ndipo mafunzo yalipopata uzito. Mwezeshaji aliomba ridhaa ya kila mmoja, akatutaka tufumbe macho na kupitisha ncha za vidole kwenye paji la uso na masikio. Chini ya vidole unakutana na kisehemu kinachokwaruza kama msasa, wakati kwa macho ulikuwa umeona wekundu mdogo tu usioutilia maanani. Hivyo ndivyo vidonda vya jua vinavyotangulia saratani. Vikigunduliwa katika hatua hiyo vinagandishwa kwa nitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa sekunde chache, na mtu anarudi shambani kwake. Vikiachwa, unazungumzia upasuaji wa kuondoa sikio.

Mama mmoja aliyemleta binti yake alituambia: “Madaktari wangu, huyu namleta hospitali tangu mdogo. Kila nikija mnampima malaria, mnatupa dawa, twende. Shingo yake hajaigusa mtu.” Hakuna aliyemjibu kwa maneno. Muuguzi mmoja alisogea, akamwambia yule binti, “Mdogo wangu, naomba nikuangalie shingo,” na akaiangalia kwa utulivu mpaka nyuma ya masikio. Losheni ya kuzuia jua ya Kilisun, inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, ilikuwepo mezani, na tulielekezwa kiasi cha kupaka na kwamba lazima irudiwe mchana. Wengi wetu tulikuwa tukisema “paka mafuta” na kuishia hapo. Kofia ya ukingo mpana na mikono mirefu vilisisitizwa kuliko losheni, na nakubaliana navyo, kwa sababu losheni huisha na kofia haiishi.

Sasa mapungufu, na nayasema kwa sababu nataka awamu ijayo iwe bora. Picha nyingi za siku ya kwanza zilikuwa za ngozi nyeupe. Mwezeshaji alijitahidi kuziba pengo kwa picha zake mwenyewe, lakini makabrasha tuliyopewa hayakuwa nazo, na ukirudi kituoni ni kabrasha ndilo unalofungua. Walioandaa wana picha hizo, waziweke. Dematoskopu nazo zilikusanywa zote jioni ya mwisho zikarudi sandukuni. Kumfundisha mtu kifaa kisha kumrudisha kazini bila kifaa ni kumnyima nusu ya somo. Sisi wa vituo vya jirani tumechangishana tukanunua kimoja tunachopokezana.

Kubwa zaidi ni hili la kukata kinyama cha kupima. Tulifanya mazoezi vizuri kwenye ngozi ya mbuzi kutoka machinjioni: ganzi, kipande cha milimita 4, uzi, kinyama ndani ya fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, ya kutosha. Nilitoka najiamini. Lakini hakuna aliyetuambia kichupa hicho kinasafirije kutoka kisiwani, nani analipia kusomwa kwake, na majibu yanarudi kwa nani. Niliuliza, nikaambiwa tutawasiliana. Mgonjwa wangu haulizi kuhusu mbinu za kukata. Anauliza nauli ya boti na mahali pa kulala akifika Mwanza. Mafunzo yanayotufundisha kutambua, bila kutuonyesha njia ya mgonjwa baada ya kutambuliwa, yanatuachia mzigo wa kumwambia mtu habari mbaya na kumwacha amesimama nayo mlangoni.

Hata hivyo kituoni kwangu mambo yamebadilika. Kuna mama wa makamo aliyekuwa akija kufungwa kidonda cha mguu, juu ya kovu la moto la utotoni. Kila mmoja wetu alikuwa akisafisha na kufunga. Safari hii nilikaa chini nikakigusa: kingo zimeinuka, ngumu, zinatoa damu kwa kuguswa tu. Nikamwambia, “Mama, leo sifungi na kukuruhusu. Leo nakuandikia barua.” Ndugu zake waliuza mbuzi kupata nauli. Majibu yalithibitisha saratani, na ilikuwa bado haijafika kwenye tezi za kinenani. Amefanyiwa upasuaji, mguu wake anao.

Na wazee wanaokuja kupima shinikizo la damu siku hizi nawaamkia, kisha nawaomba wavue kandambili. Wavuvi hushangaa. Mmoja alikuwa na doa kisiginoni. Nililipaka wino, weusi ukafuata mifereji, nikalipiga picha pembeni ya rula na kumpangia tarehe ya kurudi tulinganishe.

Kwa mafunzo yenyewe natoa nyota nne kati ya tano. Chakula kilikuwa kizuri, ukumbi ulikuwa na joto. Kama kituo chenu kina nafasi mbili, mpelekeni na muuguzi wa chumba cha vidonda, kwa kuwa yeye anaona ngozi nyingi kuliko sisi wa chumba cha daktari. Kabla ya kwenda, mwombeni mratibu wenu wa wilaya awape kwa maandishi jina la hospitali itakayopokea vichupa vyenu na namba ya mtu wa maabara, na mkifika ukumbini liulizeni hilo asubuhi ya kwanza, wakati walioandaa bado wako mbele ya watu wote.