Oveni ya mkaa niliyotengenezewa Unga Limited: kwa mkate wa familia inafaa?

Kwa wanaouliza, jibu ni ndiyo, inafaa. Kama una familia inayokula mkate kila asubuhi na una uwanja au baraza la wazi pa kuiweka, hii oveni ya mkaa ya mafundi wa Unga Limited hapa Arusha ichukue. Ila kama unakaa ghorofani au chumba na sebule kisicho na uwanja usiichukue kabisa, sababu naieleza huko chini na naomba usiiruke.

Yangu ni ya treyi mbili, ukiijumlisha na miguu inanifika kiunoni. Nilitajiwa laki moja na nusu, tukavutana weee tukaishia laki na ishirini, usafiri wa kirikuu mpaka Sakina nikalipia mwenyewe. Imejengwa hivi, ni sanduku la bati mara mbili, la ndani na la nje, katikati fundi amejaza majivu makavu na udongo ndio yanazuia joto lisitoke. Chini kuna droo ya makaa, juu kuna sinia la bati lenye kingo nalo la makaa, mkate unakaa katikati. Pembeni kuna matundu mawili ya hewa yenye vifuniko vya kusogeza, ukiyafunga moto unalala, ukiyafungua unaamka, na hayo matundu ndio yaliyonifanya niichague hii nikaacha nyingine za bei chee ambazo hazina kitu, maana bila matundu unaishia kufungua mlango kila saa kupunguza moto na mkate unanywea.

Kabla hujatoa hata mia muulize fundi kuhusu bati. Mwambie unataka bati jeusi lisilopakwa zinki, hasa kwenye droo na lile sinia la juu panapokaa moto wenyewe. Yale mabati ya kung'aa ya kuezekea yamepakwa zinki, na zinki ikipata joto kali inatoa moshi ambao ukiuvuta unapata homa na kichefuchefu, mafundi wa kuchomelea wanaijua vizuri hiyo homa waulize. Na rangi asipake ndani. Wangu alielewa bila ubishi, akanionyesha bati kabla hajakata. Ilipofika nyumbani tuliiwashia moto mkali ikiwa tupu mpaka ile harufu ya mafuta ya bati ikaisha yote, ndio tukaingiza chakula.

Sasa kwenye kuoka kwenyewe. Mama mkwe wangu ni mtu wa Machame, ameoka keki na mikate miaka mingi kwa kupalia, sufuria yenye mchanga jikoni, kopo la mkate ndani, makaa juu ya mfuniko. Alivyokuja kututembelea akaizunguka hii oveni, akafungua droo, akafunga, akasema "Mwanangu, hii ni kupalia kulekule, wamekuwekea mlango tu." Nikamuuliza mama sasa nitajuaje joto limefika, akachukua unga wa ngano kidogo akaunyunyiza kwenye treyi tupu akafunga mlango. Ukikaa kama dakika tano ukatoka kahawia iliyokolea, weka mkate. Ukiwa bado manjano manjano, subiri au ongeza makaa. Ukianza kuungua kabla hata dakika moja haijaisha, toa makaa. Baadaye nilinunua kipimajoto cha kuning'iniza ndani ya oveni, na unga wa mama ukiwa kahawia hivyo chenyewe kinasoma 190 mpaka 200, ambako ndiko mkate wetu huu wa maziwa na sukari kidogo unakopenda. Kwa hiyo asiye na kipimajoto asihangaike.

Mgawanyo wa makaa ndio siri ya hii kitu. Watu wanarundika chini kwa sababu tumezoea moto kukaa chini ya sufuria, kwenye mkate inakuwa kinyume, juu weka mengi zaidi, kama theluthi mbili, chini theluthi moja tena uyatawanye yasirundikane sehemu moja. Washa makaa nje kwenye jiko la kawaida mpaka yashike yote na yaanze kuwa na majivu meupe ndio uyahamishe, yakiwa bado meusi yanatoa moshi na mkate unashika harufu. Mimi naweka na bakuli dogo la bati lenye maji pale chini, mvuke unafanya ngozi ya juu isikauke mapema kwa hiyo mkate unapanda vizuri kabla haujashika rangi. Dakika 15 za mwanzo mlango haufunguliwi na mtu yeyote, nyumbani kwetu hiyo ni sheria. Zikipita 20 nageuza makopo, ya mlangoni yanakwenda nyuma, maana upande wa mlango umepoa kidogo kuliko wa ndani. Kwenye 35 hivi mkate unakuwa tayari, utoe kwenye kopo uugonge chini kwa kidole, ukilia wazi umeiva.

Na hapa niseme kitu kwa wale wanaofuata maelezo ya kwenye simu. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi sio 100, kwa hiyo ukiambiwa choma kipimajoto katikati ya mkate usubiri kifike 98, huku hakifiki, utasubiri mpaka mkate ukauke. Kwangu 93 naepua na uko vizuri kabisa ndani. Kitu kingine, huku hewa ni nyepesi, kwa joto lilelile donge linaumuka haraka kuliko la mtu wa Tanga au Dar, kwa hiyo hamira usijaze. Ila ikifika Juni na Julai baridi letu linageuza hesabu yote, donge ambalo Januari linachukua saa moja linaweza kuchukua mbili na zaidi, hapo usiongeze hamira, tafuta joto. Mimi beseni nalifunika kwa kitambaa kibichi naliweka karibu na maharage yanayochemka, sio juu yake, karibu. Dada yangu yuko Pasua Moshi, kule ni chini zaidi na joto, anatumia hamira nusu ya yangu na bado anakimbizana na donge.

Vipimo vyetu nawapa hapa maana najua mtaniuliza. Unga wa ngano kilo mbili, huu wa kawaida wa chapati, maji na maziwa ya vuguvugu ukijumlisha iwe lita moja na robo isiyojaa, sukari gramu mia, mafuta au siagi gramu mia, chumvi vijiko vidogo sita visivyojaa sana, hamira ya chenga vijiko vidogo vinne na kwenye baridi navyo vinatosha. Inatoka mikate minne, kila mmoja karibu robo tatu ya kilo. Kukanda ni dakika 15 za nguvu kwa mkono, usikimbilie kuongeza unga kwa sababu donge linanata, pumzika dakika kumi urudi utalikuta limetulia lenyewe. Kata kipande kidogo ukivute taratibu, kikiwa chembamba mpaka mwanga unapita bila kuchanika basi acha kukanda.

Kitu ambacho sikukitegemea kwenye hii oveni ni jinsi ilivyoigawa kazi nyumbani. Baba watoto makaa ni yake, Jumamosi baada ya chakula cha mchana utamwona ameshakaa na jiko lake uwanjani na hataki kuingiliwa. Wa kwanza wetu yuko kidato cha pili, mizani ni yake, siku hizi anapiga asilimia kichwani, unga huu maji yawe asilimia 60, haya nipe jibu, anatoa. Wa kati anapaka makopo mafuta na kuhesabu dakika. Kitinda mimba ndiye mkaguzi wa donge, anabonyeza kwa kidole chake kilichooshwa akiwa serious kabisa, shimo likirudi fasta anasema bado, likirudi polepole anasema tayari mama, lisiporudi kabisa anapiga kelele limepita limepita, na mara nyingi yuko sahihi kuliko mimi. Donge linalobaki anapewa asokote skonzi zake, zinatoka kila moja na umbo lake, na hizo ndizo zinagombaniwa zikiwa bado za moto na parachichi lenye chumvi. Watoto hawa hawa mkate wa dukani walikuwa wanakula katikati wanaacha ngozi pembeni ya sahani, huu wa kwetu ngozi ndio wanaanza nayo. Mimi hilo tu lilinitosha.

Gharama je? Dukani kwetu unga ni kama elfu mbili kilo, ukiweka hamira, sukari, mafuta, maziwa na kopo la mkaa, mikate minne inanitoka kwenye elfu saba na nusu hivi. Ukipima kwa uzito ni nafuu kuliko dukani, lakini sio unafuu wa kukufanya utajirike, anayekwambia oveni itajilipa mwezi mmoja anakudanganya. Unapoiwasha ijaze. Kuwasha makaa yote yale kwa mkate mmoja ni hasara tupu, hapo afadhali oveni ndogo ya umeme. Ile ya wati 1,500 hata ikiwaka mfululizo saa nzima inakula uniti moja na nusu, kwa luku ya kawaida hiyo ni kama mia tano na kidogo, mkaa huwezi kuushinda hapo kwa mkate mmoja. Tatizo lake ni kwamba nyingi zinabeba kopo moja au mawili, na umeme ukikatika mkate ukiwa katikati umeisha. Najua pia nchi inaelekea kwenye nishati safi, ule mkakati wa mwaka 2024 unataka ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi, na mimi naunga mkono kabisa, misitu yetu tunaiona inavyokwisha. Ndio maana kupika kwetu kwa kila siku ni gesi, oveni hii ni ya kuoka kwa wingi mara moja kwa wiki, na siku hizi tunaiwashia mkaa mbadala ule wa kufinyangwa. Unachelewa kushika lakini ukishashika joto lake limetulia halipandi na kushuka, kwa mkate naupenda kuliko mkaa wa miti.

Sasa ile sababu ya anayekaa ghorofani au asiye na uwanja. Makaa yakiwaka yanatoa kaboni monoksaidi, hewa ambayo haina rangi wala harufu, unalala usingizi tu na huamki. Oveni hii ina makaa sehemu mbili na inakaa na moto muda mrefu hata baada ya mkate kutoka, kwa hiyo ni ya nje, ya barazani penye upepo, sio jikoni na dirisha limefunguliwa kidogo. Na tafadhali sana yale makaa yanayobaki msiyaingize ndani kupasha chumba. Kwenye baridi la Julai huku kwetu watu wanafanya sana, na watoto ndio wanaolala humo. Mimi nayamwagia maji palepale uwanjani, kesho yanakauka jua likitoka yanatumika tena.

Malalamiko yangu kwa fundi ni machache ila yapo. Komeo la mlango lilikuwa limelegea tangu siku ya kwanza, joto linavuja pale pembeni, nilimrudia akasema ataja na hajaja, nikamtafuta wa mtaani kwetu akalikaza kwa elfu tatu. Mshikio wa mlango ni chuma kitupu, na watoto wapo, hilo angepaswa kuliona mwenyewe, tumeufunga kipande cha mti kwa waya. Miguu ilianza kutu kwenye masika ya kwanza tu japo niliifunika turubai, saivi imesimama juu ya matofali. Nyota nne naipa kwa moyo mweupe, ya tano imebaki kwenye hilo komeo.

Ukienda kuagiza usiende na vipimo vya kichwani. Beba kopo lako la mkate mkononi, fundi apime nalo mbele yako, treyi moja iingie makopo mawili na ibaki nafasi ya vidole viwili kila upande hewa ya moto ipite, na mwambie mshikio wa mti na komeo la kukaza unalitaka kabla hujamalizia hela.