Tathmini ya semina ya utoaji: nitoe kiasi gani?

Nilijiunga kwa mashaka na semina hii ya jioni nne, iliyoandaliwa kwa Wakristo wanaotaka kumtegemea Mungu wanapoamua kiasi cha kutoa, kwa kuwa nyingi za aina yake huishia kwenye kuchangisha fedha. Hii haikuwa hivyo.

Sehemu yenye uzito zaidi ilikuwa 2 Wakorintho, sura ya 8 na ya 9, ambapo mwalimu alionyesha kwa subira kwamba Paulo hakuwatajia Wakorintho asilimia yoyote, bali alitaka kila mmoja aamue moyoni mwake, bila huzuni wala kulazimishwa, na kwamba toleo hupimwa kwa alicho nacho mtu, si kwa asicho nacho. Kisha tulipewa karatasi ya kuandika mapato, madeni na mahitaji ya nyumbani, tukaelekezwa kuiombea juma zima kabla ya kujaza kiasi. Zoezi hilo, ambalo mimi mpenda hesabu nililidharau mwanzoni, lilinifunulia kwamba nilikuwa nikitoa kilichobaki tu.

Kasoro zipo. Malaki 3:10, inayoahidi baraka kwa wanaoleta zaka kamili, ilifundishwa kana kwamba ni mkataba wa biashara, na mjane maskini wa Marko 12, aliyetoa sarafu mbili ndogo alizokuwa nazo, alipitiwa haraka mno, bila kutajwa kwamba mstari mmoja tu kabla yake Yesu anawakemea waandishi, yaani walimu wa sheria, wanaokula nyumba za wajane. Wenye madeni mazito nao walistahili jioni nzima, si dakika chache za maswali. Wanandoa wahudhurie pamoja, maana karatasi ile ni vigumu kuijaza peke yako.