Ndege ya alumini ya kiti kimoja: ipi ununue ukitaka kuijenga mwenyewe

Kabla hujalipa, fanya jaribio moja. Tafuta vipande viwili vya bati la alumini, toboa, kisha sugua kingo za kila tundu mpaka kidole kisihisi mkwaruzo. Vibane, piga riveti, yaani pini fupi za chuma zinazounganisha mabati. Kama mikono yako imeifurahia kazi hiyo, endelea kusoma, maana utairudia maelfu ya mara.

Naandika kwa mtu anayejenga Marekani, ambako FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, inataka zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na wajenzi wasio wa biashara, kwa kujifunza au kujiburudisha. Kipimo changu kikuu ni kimoja: ipi utaimaliza? Ndege iliyokwama gerejini, bawa moja likiwa limeegemea ukutani, inakula fedha bila kukurusha hata dakika moja.

Ya kwanza: Onex. Inatoka kwa kampuni ya Sonex, Oshkosh, Wisconsin, na iliruka mara ya kwanza 2011. Mabawa yake yanakunjwa kwenda juu, kwa hiyo inaingia kwenye trela, unailaza nyumbani, na gharama ya kupanga banda uwanjani inapungua au inaisha kabisa. Riveti zake ni za kuvuta, zile mafundi wanaita pop riveti: unafanya kazi upande mmoja, peke yako, hata saa nne usiku watoto wakiwa wamelala. Injini ya AeroVee ya nguvu farasi 80 ina asili ya Volkswagen na inakuja vipande vipande, unaiunga mwenyewe. Inapozwa kwa hewa, basi zile karatasi za bati zinazoelekeza upepo kwenye silinda usizifunge kwa haraka. Ukiacha mwanya, joto la vichwa vya silinda litakusumbua kila unapopanda.

Ya pili: Panther, ya Dan Weseman wa Florida, iliyoruka 2013. Kama una mabega mapana, ianze hii. Sehemu ya rubani imezungushiwa mabomba ya chuma yaliyochomelewa, nami naithamini sana kinga hiyo. Inapokea injini kubwa zaidi, na bei inapanda nayo.

Ya tatu: Thatcher CX4. Unanunua michoro, unatafuta mabati na kukata mwenyewe. Fedha inatoka kidogo kidogo, ila unalipa kwa muda wako. Mwenye subira ataipenda.

Ya nne: Hummel Bird. Ni ndogo mno, na wengi huifungia nusu ya injini ya Volkswagen, silinda mbili tu. Mtu mzito, au anayerukia kwenye uwanja wa ndege ulio nyanda za juu na wenye joto, aiache.

RV-3 ya kampuni ya Van's ninaipenda kupita zote kwa urukaji, lakini riveti zake nyingi ni za kugonga, na mara nyingi utahitaji mwenzako ashike chuma upande wa pili. Zamani ilizidi kikomo cha kasi cha ndege nyepesi za michezo, yaani kilomita 222 kwa saa, kwa hiyo rubani mwenye leseni ya michezo, ile ya ndege nyepesi, hakuruhusiwa kuirusha. Tangu 22 Oktoba 2025 sheria mpya imemfungulia mlango hata yeye.

Ukipata seti, yaani vipande vya ndege vinavyouzwa pamoja, iliyoanzwa na mtu mwingine, hesabu vipande ukilinganisha na orodha, na dai picha na daftari la ujenzi. Bila hizo utapata shida kumthibitishia mkaguzi kwamba haikujengwa kibiashara. Muombe pia mshauri wa ufundi wa EAA, chama cha wanaojijengea ndege, aje kuiangalia, hawatozi.

Bei ya seti kwa kawaida haina injini, propela, vyombo wala rangi. Kuna gharama nyingine ambayo wengi huisahau: mwalimu hana pa kukaa kwenye ndege hii, safari ya kwanza utakuwa peke yako. Tenga mapema fedha za mafunzo kwenye ndege ya viti viwili yenye tabia zinazofanana, ndege iitwayo Sonex kwa mfano, na uzichukue saa hizo wiki chache kabla ya kuruka, si mwaka mmoja kabla.