MBA ya jioni Dar: ni nzuri, ila angalia unaingia ukiwa umefika wapi kikazi

Wadogo zangu kazini wananiuliza sana kama MBA ya jioni, yani shahada ya uzamili ya biashara, inalipa, basi naandika hapa wote wasome. Chuo nilichosoma ni cha hapa hapa mjini, masomo ya darasani halafu tasnifu, kipindi kinaanza saa kumi na moja na nusu jioni yani unatoka ofisini na foleni yako na njaa yako unaingia moja kwa moja kwenye hesabu.

Walimu nawapa maksi zote, hasa wa fedha. Alikuwa anakuja na taarifa za hesabu za kampuni zilizopo soko la hisa la DSE, CRDB, TBL, Twiga Cement, tunazichambua mstari kwa mstari, tunabishana kwanini huyu anatoa gawio na yule pesa anairudisha kwenye biashara.

Sasa hapo kwenye kubishana ndo unaona tofauti. Kuna meneja wa tawi la benki, kuna dada wa manunuzi kiwandani, kuna daktari anasimamia hospitali, hao wanaongea vitu walivyovishika kwa mkono na kesho yake asubuhi wanaenda kujaribu walichojifunza. Halafu kuna vijana waliotoka digrii ya kwanza wakaunganisha, wana akili jamani, mitihani wanatuzidi, ila ikija mada ya kumwachisha mtu kazi au kutetea bajeti mbele ya bodi wanakaa kimya, na ada wamelipa sawa na sisi, na wengi wao mzazi ndo kauza kiwanja. Iliniuma kweli.

Ndo maana nasema subiri. GPA ya kuingilia, yani wastani wa alama za digrii, unayo sawa, lakini hiyo inakufungulia mlango tu. Hata Harvard wana mpango wao unaitwa 2+2, wanawapa nafasi wanafunzi wa mwaka wa mwisho ila lazima kwanza wakafanye kazi angalau miaka 2 ndo waingie darasani.

Kipimo changu mimi: una watu chini yako? Kuna bajeti ambayo ikiharibika unaitwa wewe? Kama ndiyo, nenda, mara nyingi hapo mtu ana miaka mitano mpaka nane kazini. Kama wewe ni mhasibu na bado huna CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, malizana na bodi ya wahasibu NBAA kwanza, maana kwenye matangazo ya kazi za uhasibu hicho ndo kinaulizwa. Na mwaka uliohamia kazi mpya au uliopanda cheo usianze chuo, vyote viwili vinataka jioni zako.

Wanaotaka kusoma MBA nje ya nchi nao wapange mapema. Matokeo ya GMAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuo vya biashara, yanadumu miaka 5 kwahiyo unaweza kufanya mtihani sasa hivi ukiwa huna majukumu mengi nyumbani, maombi ukatuma baadae. Ila Marekani ni miaka 2 bila mshahara, chuo cha biashara cha INSEAD kule Ufaransa ni miezi 10, piga hesabu ya kodi ya nyumba na ya wanaokutegemea kabla ya kuangalia jina la chuo.

Mwajiri akikubali kulipa, soma mkataba wote taratibu dada/kaka, mingi inakufunga miaka kadhaa baada ya kuhitimu na ukiondoka kabla unarudisha pesa.

Kinachonikera ni tasnifu. Masomo yanaisha kwa ratiba lakini baada ya hapo sura ya kwanza inakaa kwa msimamizi hadi unaisahau, wapo wenzetu wamemaliza mitihani yote na bado hawajavaa joho. Ukiingia, chagua mada ya ofisini kwako, ambayo data unazo na barua ya ruhusa bosi anakuandikia, na uanze kuiandaa masomo yakiwa bado yanaendelea.

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja wataipata siku watakayoweka muda maalum wa msimamizi kurudisha kazi ya mwanafunzi.