Kifurushi cha Kushonea Soksi ya Krismasi ya Mfarishi: Vitambaa Vizuri, Maelekezo Yana Kasoro

Mdogo wangu anayeishi Minnesota alipokuja Arusha mwezi wa Septemba aliniletea vifurushi viwili vinavyofanana vya kushonea soksi ya Krismasi nyumbani, kimoja kwa kila mtoto wake, kwa kuwa mwaka huu watoto wanakuja kula Krismasi kwetu na hawataki kuikosa soksi yao. Alivinunua dola 28 kila kimoja. Kwa kuwa vilikuwa viwili, niliweza kushona soksi ya kwanza kwa kufuata maelekezo neno kwa neno, kisha nikashona ya pili kwa mpangilio niliouona mimi kuwa sahihi, na tofauti kati ya soksi hizo mbili ndiyo iliyonisukuma kuandika tathmini hii.

Soksi yenyewe si ya kuvaliwa. Ni mfuko wenye umbo la soksi kubwa, urefu wa inchi 18, ambao watoto wa Marekani na Uingereza huutundika usiku wa tarehe 24 Desemba ili asubuhi waukute una zawadi. Masimulizi huihusisha desturi hiyo na Mtakatifu Nikolao, askofu wa Myra katika karne ya 4, anayesemekana kuwatupia dhahabu kwa siri mabinti watatu maskini waliokosa mali ya kuwawezesha kuolewa, nayo dhahabu ikaangukia katika soksi zilizokuwa zikikaushwa motoni; ndiyo maana familia nyingi hutia chungwa kwenye ncha ya soksi kama ukumbusho wa dhahabu ile. Ninalitaja chungwa kwa sababu za ushonaji: soksi itakayobeba matunda, kitabu na peremende haiwezi kuwa pambo tu, inabidi mishono yake, na hasa kitanzi chake, viwe na nguvu ya mfuko wa kweli.

Ndani ya kifurushi kuna vitambaa vya pamba vilivyochapwa michoro ya umbo la soksi, upande wa mbele na wa nyuma. Bitana nyekundu yenye vidoa vyeupe. Shuka laini la poliesta la kuweka katikati, ambalo hapa naliita pamba ya katikati ingawa si pamba halisi. Utepe wa kitanzi. Sindano mbili za mkono. Na kijitabu cha maelekezo chenye kurasa 8. Mfarishi, kama wazee wa pwani walivyouita, ni kazi ya matabaka matatu: kitambaa cha juu, pamba ya katikati, na kitambaa cha chini, yote yakishikwa pamoja na mishono inayopita juu hadi chini kama godoro jembamba. Hapa kitambaa cha chini ni kipande chepesi cheupe ambacho hakitaonekana, kwa kuwa bitana hushonwa peke yake na kuingizwa ndani mwishoni.

Kuhusu vitambaa sina lawama hata moja. Ni pamba tupu, vimefumwa kwa nyuzi zilizobanana, na nilipolowanisha kipande cha pembeni kwa maji ya moto na sabuni, wekundu haukuvuja kuingia kwenye weupe. Yeyote aliyewahi kuharibikiwa na kitambaa cheupe kwa sababu ya nyekundu isiyoshika rangi anajua jambo hilo lina thamani gani. Michoro nayo imechapwa kwa kufuata uzi wa kitambaa, hivyo soksi haipindi upande baada ya kushonwa.

Kasoro imo katika ukurasa wa tatu wa kijitabu. Mshonaji anaelekezwa akate kwanza matabaka yote kwa umbo la soksi, kisha ndipo apige mishono ya mshazari inayokatana na kufanya miraba ya inchi moja. Nilitii. Nilikata, nikapiga bandi, nikashona kwa cherehani yangu ya Butterfly ya kukanyaga, na nilipomaliza nikaweka futi: sehemu ya mbele ilikuwa imepungua karibu nusu inchi kwa urefu na robo inchi kwa upana. Hilo halikutokana na uzembe, kwa maana kila mshono unaopita kwenye pamba huibonyeza, na kitambaa kinachopanda na kushuka juu ya vilima vya pamba hutumia urefu wake mwenyewe kufanya hivyo. Kadiri mishono inavyokaribiana na pamba inavyokuwa nene, ndivyo kipande kinavyozidi kusinyaa. Bitana, ambayo haina pamba wala mishono ya katikati, ilibaki na ukubwa ule ule iliokatwa nao. Matokeo yake ni kwamba bitana ilijikunja ndani ya ncha ya soksi na kufanya fundo ambalo chungwa halikuweza kulipita, na ilinibidi nifumue, niipunguze bitana pande zote, kisha niunganishe upya. Kazi ya jioni moja ikawa ya jioni tatu.

Kwa soksi ya pili niliacha vitambaa vikiwa mstatili, na kwa bahati nzuri kuna nafasi ya inchi mbili kuzunguka kila mchoro. Nilichora mistari ya mshazari kwa chaki ya fundi, nikabana matabaka kwa pini kila baada ya inchi tatu, nikashona mstari wa katikati kwanza kisha nikaenda nje upande huu na upande huu, ili kitambaa kinachosukumwa kipate pa kutokea badala ya kurundikana. Baada ya mfarishi kukamilika ndipo nilipokata karatasi ya kiolezo kutoka katika bitana, nikaiweka juu yake na kukata umbo la soksi. Kila kitu kililingana. Jirani yangu, ambaye ni fundi wa nguo kwa miaka mingi na hajawahi kushona soksi ya Krismasi, alipoziona zote mbili aliniambia bila kuulizwa kwamba kitu chenye pamba hukatwa kikishashonwa. Nashangaa kwamba waandishi wa kijitabu hawakuliona jambo ambalo fundi analiona kwa kutazama tu.

Kijitabu kinanyamaza pia kuhusu cherehani. Sindano nyembamba ya namba 11 inayotumika kwa nguo za kawaida hupinda inapokutana na matabaka haya na kurukaruka mishono. Namba 14 inafaa zaidi, na mshono urefushwe kufikia milimita 3. Wenye cherehani nyeusi za kukanyaga wana faida moja, kwamba juu ya kichwa cha mashine kuna skrubu inayopunguza mkandamizo wa mguu wa cherehani, yaani kile chuma kinachobana kitambaa. Ukiilegeza kidogo, tabaka la juu halisukumwi mbele wakati meno yaliyo chini ya mguu huo yanavuta tabaka la chini. Upo mguu maalumu wa cherehani wa kuvuta matabaka yote kwa pamoja, nao ni msaada mkubwa kwa mfarishi wa kitanda, lakini kwa kitu cha inchi 18 nilifanya bila huo na sikuona hasara.

Tahadhari ya pasi nayo haikuandikwa popote, na hili ni kosa zito zaidi kuliko linavyoonekana. Poliesta hulainika kwa joto ambalo kitambaa cha pamba hulistahimili vizuri, kwa hiyo mtu akipiga pasi ya moto kama anayonyoosha shati la pamba, atabonyeza tabaka la katikati likawa gumu na bapa, na halitarudi. Tumia joto la wastani, weka kitambaa juu, na usikandamize.

Hatua za mwisho zimeelezwa vizuri. Unaelekezwa kuipunguza pamba ndani ya mshono wa robo inchi ili ukingo usiwe mnene, kukata mikato midogo mahali mguu unapopinda ili soksi igeuke bila mikunjo, na kuacha tundu la inchi nne katika bitana la kugeuzia, ambalo hufungwa kwa mkono. Kitanzi kinawekwa upande wa kisigino, panapostahili. Mimi nilikipitishia mshono mara tatu badala ya mara moja iliyoelekezwa, kwa sababu kwetu hakuna meko ya ukutani na soksi zitaning'inia kwenye nondo za dirisha, ambako watoto watazivuta.

Je, nashauri ununue? Kama una ndugu anayekuja kutoka ng'ambo na unathamini vitambaa vyenye michoro ya theluji, ambavyo hapa ni vigumu kuvipata, nunua, lakini uyapuuze maelekezo ya ukurasa wa tatu. Kwa mtu anayeanza kushona, asiye na mtu wa kumwonya, nisingekipendekeza, kwa kuwa atakosea kwa kutii, na ataamini kosa ni lake.

Vitu vyote vingine vinapatikana hapa hapa. Soksi ya tatu, ambayo ni ya mwanangu, naishona kwa vipande vya kitenge vilivyobaki kwenye magauni, na katikati nimeweka blanketi chakavu la pamba lililofuliwa mara nyingi kiasi kwamba halitasinyaa tena. Sufi sikuitumia, kwa sababu huhama na kujikusanya kwenye kona. Jambo lililonihitaji umakini zaidi ni kiolezo: upande wa nyuma lazima ukatwe kwa kukigeuza, vinginevyo utapata ncha mbili za soksi zinazoelekea upande mmoja na zisizoweza kuunganishwa, nyuso nzuri zikitazamana. Kitenge nilikifua kabla ya kukata ili wanga utoke. Mishono ya mshazari niliipanua kufikia inchi moja na nusu, kwa kuwa blanketi haitawanyiki kama pamba ya kifurushi, na jina la mtoto nililitarizi kwenye mdomo wa soksi kabla ya kuunganisha bitana, ili mafundo ya uzi yabaki yamefichika ndani.