Nakala rasmi ya cheti cha ndoa kutoka kwa karani wa kaunti, Marekani: inafaa, ila haitoshi

Kwa wanandoa wa jinsia moja wanaohamia jimbo jingine, huduma hii ina thamani kubwa kuliko ada yake. Sheria iliyosainiwa Desemba 13, 2022 inalazimisha kila jimbo kuitambua ndoa iliyofungwa kihalali katika jimbo jingine. Hata uamuzi wa Obergefell wa 2015, ambao Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu ndoa za jinsia moja nchini kote, ukitenguliwa, wajibu huo unabaki. Karatasi hii ndiyo ushahidi wenu.

Agizeni nakala tatu, na kwa kawaida mziombe kwenye ofisi iliyotoa leseni ya ndoa, si kaunti mnayoishi sasa. Wengi hurudishwa dirishani kwa kupeleka cheti cha mapambo cha siku ya harusi, au fotokopi iliyogongwa mhuri na notari. Shirika la Hifadhi ya Jamii (Social Security), mnapobadilisha jina kwa fomu SS-5 ya kuomba kadi yake, huvikataa vyote viwili. Anzeni hapo, kisha leseni ya udereva na pasipoti.

Upungufu wake ni kwa watoto. Cheti cha kuzaliwa ni kumbukumbu ya kiofisi, si hukumu, na cha ndoa hakimlindi kila mahali mzazi asiye wa damu. Tafuteni amri ya mahakama ya kuasili, hata kama jina la mzazi huyo limeshaandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu iliitaka Alabama itambue amri ya kuasili iliyotolewa na mahakama ya Georgia. Kumlipa wakili ili umuasili mwanao mwenyewe kunauma sana, lakini msihame jimbo bila amri hiyo mkononi.