Mimea ya kutambaa kwenye uzio: upi ununue, upi uuache

Ukisimama kwenye kitalu cha kando ya barabara Dar es Salaam, muuzaji atakuuliza unapenda ua la rangi gani. Wewe muulize kwanza kama mmea unajishika wenyewe au unataka kufungwa kamba, kisha ukumbuke uzio wako: wavu, seng'enge au tofali.

1. Bogenvilia. Kwa wavu na seng'enge huku pwani sijaona wa kuishinda. Inavumilia jua na upepo wa chumvi, na miiba yake ni mlinzi asiyelala. Haijishiki, kwa hiyo utaifunga funga mwaka wa kwanza. Ukiimwagilia kila siku itakupa majani matupu. Inachanua vizuri ikionja kiu.

Nunua ikiwa na maua, kwa sababu "nyekundu" ya mdomoni mara nyingi hugeuka zambarau nyumbani. Vuta shina kidogo: likicheza kwenye kiriba, ujue lilichomekwa juzi tu. Nunua mche mmoja, mingine ujizalishie. Kata pingili zilizokomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, toa majani, chomeka kwenye mchanga wenye mboji kidogo na uweke kivulini. Nyingi zitachipua ndani ya wiki chache, na hapo ndipo watu huharibu, maana chipukizi si mizizi. Acha hadi miezi miwili au zaidi. Wakati wa kupanda, chana kiriba kwa wembe bonge la udongo lisivunjike. Mizizi yake haipendi kusumbuliwa.

2. Pasheni ya njano, au karakara. Inajishika kwa vikonyo vyake, inafunika wavu haraka, na juisi juu yake. Ile ya zambarau waachie watu wa nyanda za baridi. Kosa langu: nilikata pingili sita kutoka mche mmoja wa jirani. Zote zilishika, zikatoa maua mazuri ajabu, tunda hata moja hakuna. Pasheni ya njano kwa kawaida haizai kwa chavua yake yenyewe, na pingili zangu sita zilikuwa mmea uleule. Otesha mbegu za matunda tofauti, au nunua miche miwili yenye mama tofauti. Wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao usiwafukuze, ndio wachavushaji wake wakuu.

3. Asumini. Haizibi uzio vizuri, nakiri. Lakini jioni karibu na baraza harufu yake inalipa, na vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, huvinunui tena. Laza tawi refu chini, fukia kifundo kimoja, wekea jiwe. Likishatoa mizizi, likate na mama yake.

4. Ficus pumila, ile ya majani madogo inayojibandika ukutani. Ni ya tofali peke yake. Siku ukiing'oa, rangi itaondoka nayo.

Usinunue: Thunbergia grandiflora, yenye maua ya samawati kama tarumbeta. Nzuri sana kwenye kiriba. Ikishika, inapanda mwembe wa jirani na kuufunika, na kipande cha mzizi kilichobaki ardhini kinachipua upya.

Chochote utakachochagua, panda masika yakianza, mvua ikufanyie kazi ya ndoo.